Degedege siku ya 11 baada ya upasuaji wa uzazi: kisa kutoka Nakivale

Mama wa miaka 24, uzazi wake wa 3, alifikishwa kituo cha afya cha daraja la nne alfajiri, siku ya 11 tangu ajifungue kwa upasuaji. Nyumbani, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, Uganda, alikuwa ameshikwa na degedege mara 2. Ya 3 ilimkuta kwenye machela, kabla hajaingizwa wodi ya wazazi. Hajawahi kuugua kifafa, wala kwao hakuna mwenye kifafa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na mahudhurio 5, na presha haikuwahi kuvuka 120/80.

Karatasi ya mapokezi ilikuwa na mstari mmoja tu: mzazi, degedege mara 2, malaria. Hilo la malaria lilitoka duka la dawa. Siku 2 kabla alipimwa huko kwa kipimo cha haraka, kikatoka chanya, akapewa dawa mseto na vidonge vya maumivu.

Hatua za kwanza

Alilazwa kwa ubavu wa kushoto, akanyonywa mate na damu kinywani kwa sababu alikuwa ameng'ata ulimi, akawekewa oksijeni. Presha dakika chache baada ya degedege ilikuwa 146/94. Sukari ya damu ilikuwa 5.8, joto 37.6. Salfeti ya magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba (degedege za uzazi zinazoendana na presha kupanda), ilianza kabla ya maswali mengine yote: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, zikichanganywa na lignokaini kwa kuwa sindano hiyo inauma kwelikweli.

Mwenzetu mmoja alisita. Presha hii, alisema, si ya kifafa cha mimba, na siku 11 zimeshapita. Kusita kwa namna hiyo kumeshaua wanawake wengi. Kifafa cha mimba huweza kuanza saa 48 baada ya kujifungua, na hata wiki kadhaa baadaye, kwa mwanamke ambaye kliniki hawakumwona na presha ya juu hata siku moja. Wapo wanaoanguka presha ikiwa imepanda kidogo tu. Kanuni inajulikana: degedege yoyote mpya, kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito hadi wiki ya 6 baada ya kujifungua, inatibiwa kama kifafa cha mimba mpaka ithibitike kuwa ni kitu kingine. Na dawa ya kutumia haina ubishi tena tangu 1995, pale utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa kwa wanawake 1,687 ulipoonyesha kwamba magnesiamu hupunguza degedege za kurudia kwa nusu hivi kuliko dayazepamu, na kwa theluthi 2 hivi kuliko fenitoini.

Kwa hiyo kuanza na magnesiamu kulikuwa sahihi, na ningeianza tena kesho kwa mgonjwa kama huyu. Shida yetu ni upande wa pili wa kanuni. Ile kazi ya kuthibitisha kuwa ni kitu kingine mara nyingi haina mwenyewe. Dozi ikishaingia, chati ikishajazwa, kila mtu anahesabu saa za sindano inayofuata, na swali la nini hasa kinamsumbua mgonjwa linalala hapo.

Baada ya dakika 40 degedege ilirudi. Aliongezewa gramu 2 za magnesiamu mishipani. Goti lilikuwa bado linaruka likigongwa, na alikuwa anapumua mara 18 kwa dakika, yaani dawa haikuwa imemzidi. Haikupita robo saa, ikarudi tena. Safari hii alipewa dayazepamu miligramu 10, polepole, mwenzetu mwingine akiwa ameshika mfuko wa kupumulisha kichwani pake, maana dawa hizo 2 zikikutana zinaweza kulaza pumzi. Akatulia. Degedege 2 ndani ya saa moja juu ya dozi kamili ya magnesiamu, kwa mtu ambaye presha yake imesharudi 126/82 yenyewe bila dawa: hapo mtu lazima arudi nyuma aulize upya.

Aliyeshuhudia

Mama mkwe wake alikuwa kwenye benchi la nje na mjukuu mgongoni. Nesi wa zamu, ambaye ni Mnyankole, alikuwa ameshamhoji kupitia jirani, akaambiwa "alianguka, akatetemeka". Hilo lilitosha kujaza karatasi. Nakivale ni mahali pa lugha nyingi, na wagonjwa wengi wanaotoka Kongo wanasema nasi Kiswahili. Historia ikipita kwa mkalimani wa njiani, kinachopotea kwanza ni mpangilio wa mambo. Na katika degedege mpangilio ndio mali.

Nikamuuliza: "Mama, kabla hajaanguka, kitu cha kwanza kabisa ulichoona ni nini?"

Alimsogeza mtoto, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu, akaanza kukirusharusha kidole gumba. "Hiki, daktari. Kidole hiki kilianza kuruka chenyewe. Naye alikuwa anakiangalia, akaniambia, mama, ona mkono wangu. Kisha ikapanda hapa," akagusa kiwiko, kisha bega, "mdomo ukavutwa huku, ndipo akaanguka."

Majirani walikuwa wamekuja na maombi. Yeye mwenyewe ni mtu wa maombi. Alimwambia mchungaji kwamba maombi yataendelea ndani ya gari, akamtuma kijana mbio kwa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, ili ambulensi iitwe. Nalitaja hilo kwa makusudi. Kwenye vikao vyetu vya kujadili vifo vya wazazi, mama wakwe hubebeshwa ucheleweshaji wote, na huyu ndiye aliyewahi.

Degedege iliyoanzia kidole gumba cha kulia ina anwani: sehemu ya ubongo wa kushoto inayoendesha mkono. Kifafa cha mimba nacho huweza kuanzia usoni au kwenye kiungo kimoja, kwa hiyo ushahidi huo peke yake haukifuti. Lakini ulinipa sababu ya kuendelea kuuliza, na lililofuata lilikuwa la kichwa.

Kichwa kilianza kuuma siku ya 6. Akisimama kinauma, akilala kinatulia. Ukoo mzima ulikubaliana kwamba ni ile sindano ya mgongo ya kwenye upasuaji. Huku kwetu sindano hiyo imebeba lawama za kila aina, kuanzia kiuno hadi mtoto anayelia usiku, na mara nyingi haihusiki. Safari hii huenda walikuwa sawa mwanzoni, maana maumivu ya kichwa yanayokuja mtu akisimama na kuisha akilala ndiyo hasa yanayofuata ganzi ya mgongo. Ila siku ya 8 mambo yaligeuka. Kichwa kikawa kinauma zaidi akilala, kinamwamsha usiku, anatapika asubuhi, macho yanaona ukungu. "Alikuwa analala ameketi," mama mkwe alisema, "ameegemea ukuta, mtoto mapajani." Mtu anayekimbia kulala chali kwa sababu ya kichwa ana presha imejaa ndani ya fuvu. Kwenye duka la dawa alisema neno moja tu, kichwa, na katika wilaya yenye malaria hilo linatosha kumchoma mtu kidole.

Kuhusu kipimo kile: vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona. Isitoshe, watu wazima wa maeneo yenye malaria nyingi huweza kuwa na vimelea bila kuumwa. Malaria kali inayofika kwenye ubongo haiji kwa mtindo wa mtu asiye na homa, aliye na akili timamu kati ya degedege moja na nyingine. Damu ilipowekwa chini ya darubini hakikuonekana kimelea.

Mengine yaliondolewa haraka. Mkojo ulichukuliwa kwa katheta, kwa kuwa damu ya uzazi ikichanganyika humo protini husoma juu bure; ukaonyesha alama 1. Chembe sahani, figo na ini vilikuwa sawa. HIV hasi. Shingo ilikuwa laini, lakini homa ya uti wa mgongo haikufutwa kabisa, kwa kuwa aliwahi kuchomwa mgongo. Tramadoli, dawa ya maumivu, aliipata siku 3 za kwanza akaacha. Ni swali ambalo kila mzazi mwenye degedege aulizwe, kwani dawa hiyo inaweza kuleta degedege na wengine huendelea kuinunua mtaani. Uvimbe wa mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo ulibaki kwenye orodha, maana ni chanzo kikubwa cha kifafa cha ukubwani kwenye vijiji ambako nguruwe huachwa wazurure. Hilo lingejibiwa na picha.

Kikombe

Aliamka vizuri karibu saa 5 asubuhi. Akaletewa chai. Akanyoosha mkono wa kushoto kukipokea kikombe, na mama mkwe akamkemea papo hapo kama ambavyo angemkemea siku yoyote: "Mkono wa kulia, mwanangu." Akajibu bila kuinua macho: "Hautaki, mama."

Nilimwambia anyooshe mikono yote 2 mbele, viganja juu, afumbe macho. Wa kulia ulianza kushuka huku ukijigeuza. Kushika kwake kulikuwa dhaifu. Hakuweza kukutanisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Mguu ulikuwa na nguvu.

Udhaifu wa kupita baada ya degedege ya upande mmoja upo, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 1 au 2. Hapo ndipo penye kishawishi cha kusema tungoje mpaka kesho. Sikuona sababu ya kungoja. Hata ungekuwa wa kupita, bado ulikuwa unaonyesha mahali pale pale palipoonyeshwa na kidole gumba, na kichwa kilikuwa kimeanza kuuma siku 5 kabla ya degedege ya kwanza. Vitu 3 vinavyosema jambo moja havihitaji usiku mwingine wa kuangaliwa.

Dozi ya gramu 5 za magnesiamu kwenye msuli ilipotolewa baada ya saa 4, ilimfunika kwa safari yote ya Mbarara, ambayo ni zaidi ya saa moja na sehemu kubwa ni vumbi. Hii ni faida ya njia ya msuli ambayo haisemwi vya kutosha: haihitaji pampu wala mtu wa kuhesabu matone kwenye gari linaloruka. Mtoto na bibi yake walipanda gari hilo hilo.

Barua ya rufaa haikuandikwa "kifafa cha mimba" peke yake. Iliandikwa: degedege zilizoanzia mkono wa kulia, zimerudi juu ya magnesiamu, maumivu ya kichwa yanayozidi akilala, udhaifu wa mkono wa kulia, presha ya kawaida, tunaomba picha ya CT pamoja na dawa ya kung'arisha vena za ubongo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyolipa. CT ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha, huweza kuonekana safi kabisa kwa mtu mwenye ugonjwa tuliokuwa tunaushuku, yaani damu kuganda ndani ya vena za ubongo, au ikaonyesha matokeo yake tu na kuficha chanzo.

Ndivyo ilivyokuwa. Picha ya kwanza ilionyesha damu kidogo iliyovuja kwenye ubongo wa kushoto, karibu na utosi, na uvimbe kuizunguka. Angeishia hapo, angerudi nyumbani na jina la kiharusi cha presha na vidonge vya presha asiyokuwa nayo. Dawa ya kung'arisha ilipoingia, mshipa mkuu wa vena unaopita katikati ya utosi kuelekea kisogoni ulikuwa na pengo la pembetatu mahali ambapo ulipaswa kung'aa. Bonge la damu. Nyuma ya macho, neva zilikuwa zimevimba pande zote 2.

Kwa nini mzazi

Damu ya mwanamke huganda kwa urahisi zaidi mwishoni mwa ujauzito na wiki za kwanza baada ya kujifungua. Ndiyo kinga ya asili dhidi ya kutoka damu nyingi. Juu ya hapo huyu alikuwa na upasuaji, damu pungufu (hemoglobini 8.2), sindano ya mgongo, na kulala sana kwa sababu ya kichwa huku anakunywa maji kidogo. Ugonjwa huu ukihusiana na uzazi, mara nyingi huja baada ya kujifungua kuliko kabla, hasa wiki 3 za mwanzo. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2004, wa wagonjwa 624 wa aina zote, ulionyesha kichwa kuuma kwa karibu 9 kati ya 10 na degedege kwa 4 kati ya 10 hivi. Zaidi ya robo 3 walipona vizuri. Si ugonjwa wa kukatia tamaa ukitambuliwa.

Matibabu yake yanamshtua kila anayeyasikia mara ya kwanza. Mume wake alifika kutoka shambani akiwa ameshasikia habari za picha, akasimama mlangoni kwa adabu, kisha akauliza kile ambacho madaktari wengine wanaogopa kuuliza: "Daktari, mmesema damu imevuja kichwani. Sasa mnampa dawa ya kuzuia damu isigande. Si mtammaliza?"

Aliambiwa hivi: mfereji ukiziba huku chini, maji yanafurika kule juu uani. Ukimwaga udongo uani hujasaidia, uzibue mfereji. Damu ile haikuvuja kwa sababu ni nyepesi. Ilivuja kwa sababu njia ya kutokea imefungwa. Utafiti mdogo wa Ujerumani wa 1991 ndio uliowapa madaktari ujasiri: wagonjwa 20, nusu wakapewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakiwemo waliokuwa wameshavuja damu. Upande wa heparini hakufa mtu. Upande wa pili walikufa 3. Watu 20 ni wachache mno, lakini yaliyofuata hayajaupindua, na miongozo ya leo haioni uvujaji wa aina hii kuwa kizuizi.

Alianzishwa enoksaparini, aina ya heparini, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 12, baada ya kukagua kidonda cha upasuaji na damu ya uzazi. Degedege hazikurudi. Kichwa kilipungua siku ya 4. Aliendelea kunyonyesha muda wote, jambo lililohitaji kusemwa kila zamu mpya ilipoingia, kwa sababu kila zamu mpya ilitaka kumwachisha mtoto. Heparini haipiti kwenye maziwa kwa kiasi cha maana, na wafarini, dawa ya vidonge ya kazi hiyo hiyo aliyohamishiwa baadaye, haimzuii mama kunyonyesha.

Kilichokuja kutusumbua

Ugumu halisi ulianza aliporudi Nakivale. Hospitali ilimtoa na wafarini, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ikiwa 2.3, yaani ndani ya lengo la 2 hadi 3, pamoja na levetirasetamu ya mwezi mmoja ya kuzuia degedege. Mwezi ulipoisha familia haikuweza kununua nyingine. Kabamazepini, nayo ya kuzuia degedege, ilikuwepo kituoni bure, akabadilishiwa. Wiki 3 baadaye INR ilikuwa 1.4.

Kabamazepini huliamsha ini livunje wafarini haraka. Mgonjwa hakukosa hata kidonge kimoja. Mama mkwe alikuwa anavihesabu kila Jumapili. Ilibidi dozi ya wafarini ipandishwe na kipimo kirudiwe kila wiki, na kila kipimo ni nauli ya kwenda Mbarara na kurudi. Hapo kuna mtego wa pili ambao haujafika bado: siku kabamazepini itakapoachwa, ini litatulia, na dozi ile ile ya wafarini itageuka kuwa kubwa mno, damu ianze kumtoka. Kwa hiyo mpangilio umeandikwa kwa herufi kubwa ndani ya jalada lake: wafarini inaisha kwanza, mwezi wa 6, na kabamazepini itapunguzwa polepole baada yake, si kabla.

Dawa hiyo hiyo iliharibu mpango mwingine. Alikuwa ameomba kijiti cha mkononi cha uzazi wa mpango. Kabamazepini hupunguza nguvu ya kijiti, na vidonge vyenye estrojeni hapaswi kuvimeza tena maishani mwake kwa sababu vinaongeza kuganda kwa damu. Kikabaki kitanzi cha shaba. Alikikataa mara ya kwanza, wifi yake akiwa amemweleza kwamba kinapanda hadi moyoni. Mkunga mmoja wa kutoka Bukavu alikaa naye na mfano wa plastiki wa mfuko wa uzazi, akamwacha akiingize na kukitoa kwa mikono yake, na kwa mkono wa kulia. Akakubali.

Mkono huo sasa unafunga vifungo vya nguo ya mtoto na kusonga ugali, ingawa kwa maandishi bado ni mzito. Kwenye kadi yake ya kliniki pameandikwa kwamba akishika mimba tena afike mapema, aanzishiwe sindano za enoksaparini za kinga na aendelee nazo hadi wiki 6 baada ya kujifungua, na kwamba maumivu ya kichwa kwake yasipimwe malaria peke yake.